Waliozikwa Mbali na Kwao
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka



Naomba ruhusa ninene habari za watu wa Kanada, kwani yaliyowapata yagusa kazi ile ile tuichangiayo fedha kila mwezi, yaani kumrudisha kwao mwenzetu aliyefia ugenini.

Wenyeji wa asili wa Kanada walisumbuliwa mno na kifua kikuu. Wazungu hawakupenda kulazwa pamoja nao, basi serikali ikawatengea hospitali zao, zikaitwa Hospitali za Wahindi. (Si Wahindi wa Bara Hindi; ni jina la makosa walilobandikwa wenyeji wale.) Mojawapo iliyo kubwa, Charles Camsell ya Edmonton, ilifunguliwa mwaka 1946. Mwaka 1953 kanuni zilifanya kuwa kosa kukataa matibabu au kutoroka wodini.

Wainuit wa kaskazini, kwenye barafu, walichukuliwa mbali zaidi. Tangu 1950 meli ya serikali, C.D. Howe, ilizunguka pwani zao kila kiangazi ikiwa na mashine ya kupiga picha za kifua. Aliyeonekana mgonjwa mara nyingi hakuruhusiwa kushuka tena, hata kuwaaga watoto. Kufikia 1956, yapata mtu mmoja katika kila saba alikuwa amelazwa kusini. Nao walikuwa na vibati vya namba, walivyoanza kupewa mwaka 1941. Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za kipande cha shingoni watanielewa upesi.

Sisemi kwamba hawakutibiwa. Dawa mpya ziliponya wengi wakarudi, ingawa watoto wengine walirudi wamesahau lugha ya mama zao. Bali waliokufa walizikwa huko huko, na jamaa wengi hawakuambiwa kaburi li wapi. Wengine hawakuarifiwa hata kifo chenyewe.

Tarehe 8 Machi 2019 Waziri Mkuu Justin Trudeau alikwenda Iqaluit kuomba radhi. Sasa iko kazi iitwayo Nanilavut, yaani “tuwatafute”, inayokusanya kumbukumbu za hospitali na za makaburi, ili jamaa wapate kujua mtu wao alilazwa wapi.

Kwa hiyo naiomba kamati ilitazame upya daftari letu. Kila mwanachama aandikwe jina lake, la baba yake, kijiji chake, na ndugu wa kuarifiwa. Nimelipitia juzi: kurasa nyingi zina namba ya simu tu.