Mkonge wa Thika: Mashamba Mapana, Ukoo Mwembamba



Nimekuja na kikonyo cha mkonge nilichookota leo asubuhi kwenye ua wa shamba karibu na Makuyu. Ni kirefu kama kidole, kina majani manne, na mizizi imeanza kuchungulia. Mama yake alitoa mlingoti mara moja maishani, na sasa anakauka. Mlingoti mmoja huweza kubeba vikonyo zaidi ya elfu moja, na vyote hurithi chembe za mama peke yake. Havina baba.

Asili ya mbegu yetu

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Hivyo ndivyo vilivyozaa mashamba ya Tanganyika. Hapa kwetu mkonge ulistawishwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika shamba la Punda Milia, Makuyu, la walowezi Swift na Rutherfoord.

Jinsi kilimo kinavyobana ukoo

Mkonge wa kawaida una seti 5 za kromosomu, kwa hiyo ni nadra kutoa mbegu. Sisi nasi tunaongeza kizuizi. Kitaluni, mche ukitokeza miiba kwenye kingo za majani, tunaung'oa, kwa kuwa unamchoma mkataji. Tunasahau kwamba mche huo ni badiliko adimu katika ukoo usiobadilika.

Mexico, kwenye asili ya jamii hii, yametokea hayohayo. Huko Yucatán Wamaya walikuwa na aina kadhaa za mkonge wao. Biashara ya kamba ilipopamba moto, mashamba makubwa yakajaa aina moja tu. Katika kilimo cha mmea wa tekila, ndugu wa mkonge, mlingoti hukatwa kabla ya kuchanua, popo wakakosa maua ya kuchavusha, na mbegu zikakosekana.

Chotara 11648, aliyezalishwa Tanganyika kwa kuchanganya spishi mbili, hutoa majani zaidi ya 600, ilhali mkonge wa kawaida hutoa 200 na ushei. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, naye tunampanda kwa vikonyo na maotea, na ugonjwa wa pundamilia ukiingia shambani hukuta mimea yote ina udhaifu uleule.

Funzo kutoka Ruiru

Wakulima wa kahawa walionja shubiri hii. SL28 na SL34, aina zenye ladha tamu, zilishambuliwa vibaya na ugonjwa wa chule buni miaka ya 1960. Wokovu ulitoka kwa ndugu wa mbali, wakiwemo Rume Sudan na Chotara wa Timor. Watafiti wa Ruiru wakatoa aina ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985. Je, ndugu wa mbali wa mkonge wetu tumewatunza wapi?

Mapendekezo

1. Nyua za mkonge zinang'olewa kila siku kupisha nyumba. Kabla ya kung'oa, tuchukue maotea ya kila ua tuyapande katika bustani moja ya kumbukumbu, kisha tuyapime.
2. Miche yenye miiba isitupwe yote. Michache ipelekwe bustanini humo.
3. Vituo vya utafiti viombe Mexico mbegu halisi, zilizotokana na uchavushaji.

Kikonyo hiki nakikabidhi kwenu kiwe cha kwanza bustanini.