Kampuni changa ikae wapi?

Kijana mwenye wazo la biashara huambiwa aende Dar es Salaam, na ushauri huo una uzito: huko ndiko waliko wawekezaji, wanasheria na makao makuu ya benki nyingi. Lakini kisa cha Ukara, kisiwa cha wilaya ya Ukerewe katika Ziwa Victoria, kinatudai tufikiri upya. Mwaka 2016 kampuni ya Jumeme iliwasha hapo mtambo wa umeme wa jua. Tatizo ni kwamba taa na kuchaji simu havirudishi gharama za mtambo. Kampuni ikaanza kununua sato wa wavuvi, ikawagandisha kwa umeme huohuo na kuwapeleka soko la Dar es Salaam. Mvuvi akapata mnunuzi, mtambo nao ukapata kazi ya mchana, jua linapowaka. Wazo la namna hiyo ni gumu kuzaliwa Masaki, Dar es Salaam.

Watasema ukaribu na ziwa hauikingi kampuni na maamuzi ya mbali. Ni kweli: mwaka 2020 serikali ilipoagiza bei ya umeme wa mitambo midogo vijijini ishuke hadi shilingi 100 kwa uniti, hesabu za wawekezaji zilitikisika. Ila agizo hilo lingeikuta kampuni popote ilipo. Mwenye kampuni anaweza kwenda Dodoma kujieleza EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, akarudi Mwanza, kando ya ziwa, kesho yake.