Mama Aliyekwenda Kortini Bila Viatu



Ni nani kati yetu ambaye hajaambiwa, "Rudi kesho"? Tumesimama mbele ya meza za wakubwa, tukaona haya, tukarudi nyumbani na shida yetu vile vile. Leo tumkumbuke mama mmoja aliyekataa kurudi.

Jina lake lilikuwa Isabella. Alizaliwa utumwani katika jimbo la New York, Marekani, yapata mwaka wa 1797. Mwanawe Peter, mtoto wa miaka mitano hivi, aliuzwa, akapelekwa mbali kusini, Alabama. Sheria ya New York ilikataza jambo hilo, na tarehe 4 Julai 1827 utumwa ulikomeshwa katika jimbo hilo. Lakini huko Alabama mtoto angebaki mtumwa maisha yake yote.

Mama akaenda kwa mke wa bwana wake wa zamani, akadharauliwa. Akaenda kwa mama wa yule aliyemwuza mtoto, akachekwa. Hakuwa na fedha, wala hakujua kusoma. Akamlilia Mungu, kisha akainuka akaenda. Wakristo wa Quaker, ambao hapa kwetu twawaita Marafiki, wakamwonyesha njia ya korti ya Kingston. Wakili alipotaka dola 5, alitembea kwa miguu mpaka kwa Marafiki, nao wakampa zaidi ya hizo. Akampa wakili zote. Watu wakamwuliza mbona hakujinunulia viatu kwa zile zilizozidi. Yeye alikuwa akimtaka mwanawe tu.

Mwaka wa 1828 hakimu akaamua mtoto arudishiwe mama yake. Lakini, wapendwa, mtoto alipomwona alilia, akamkana, akasema huyu si mama yangu. Ndivyo hofu ilivyokuwa imemfunza. Mama hakumwacha. Baadaye alipomtazama mwilini, alikuta makovu ya mijeledi toka kichwani hadi miguuni.

Ndugu zetu, tujifunze mambo mawili. La kwanza, mama huyu aliomba na pia alitembea, kama yule mjane wa Luka 18 aliyemwendea kadhi bila kuchoka. Maombi hayakumzuia kubisha mlango wa korti, na korti haikumwachisha maombi.

La pili, tunao watoto waliogombaniwa na wazazi, au waliolelewa na wengine katika taabu. Wakiturudia, huenda wasitutambue, wakatujibu vibaya. Mara nyingi sisi huwahi kukasirika na kushika fimbo. Je, tumeyatazama makovu yao kwanza?

Mwaka wa 1843 Isabella alijiita Sojourner Truth, akazunguka akihubiri na kuupinga utumwa. Alifariki mwaka wa 1883. Lakini kabla ya kuwasemea wengi, alimsemea mtoto mmoja.

Tuombe. Ee Baba, utupe miguu isiyochoka kwa ajili ya watoto wetu, na moyo wa kuwapokea hata wakitukana kuwa si wazazi wao. Amina.