PIMA KWANZA, NDIPO ULAUMU KISANDUKU

Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi wa magari na wanachama wengine, Matisi, Kitale



Leo hatukuja kusema habari za ada wala za uchaguzi. Tumekuja kusema habari za kisanduku kimoja kidogo ndani ya gari, ambacho kimewapunguzia mishahara wenzetu na kuwamalizia fedha wenye magari. Kisanduku hicho ni kompyuta ya bodi, ambayo mafundi wengi huiita BCM. Katika magari ya Toyota huitwa ECU kuu ya bodi, na mara nyingi utaikuta imeshikamana na sanduku la fyuzi chini ya dashibodi, upande wa dereva.

Wazee wetu wa kazi hii wakumbuka magari ya zamani. Moto ulitoka betri, ukapita fyuzi, ukapita swichi, ukafika kwenye taa. Taa isipowaka ulifuata waya kwa mkono mpaka ukapata palipokatika. Sasa mambo yamegeuka. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mtindo wa kompyuta za gari kusemezana kwa nyaya mbili tu, unaoitwa CAN. Siku hizi katika magari mengi ukibonyeza swichi ya waipa, swichi haipeleki moto kwenye mota. Yapeleka habari tu kwa kompyuta ya bodi, na kompyuta ndiyo inayoamuru waipa zicheze. Ndivyo ilivyo kwa indiketa, honi, taa za ndani, kufuli za milango, na katika magari mengi hata kutambua ufunguo kabla ya injini kuwaka.

Basi kisanduku hiki kikiugua, gari zima huonekana limepagawa. Lakini, ndugu, si kila gari lililopagawa lina kisanduku kibovu. Hili ndilo neno letu la leo.

Tuwape habari iliyotupata sisi wenyewe. Katika msimu mmoja wa mvua, karakana tuliyokuwa tukifanyia kazi ililetewa gari lenye visa vingi. Waipa zilianza kucheza zenyewe, milango ikajifunga, indiketa zikawaka hafifu breki ilipokanyagwa, na asubuhi betri ilikuwa imekufa. Tulichomeka skana, ikatoa namba U0140. Maana yake ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya bodi yamepotea. Msimamizi akasema, "Kisanduku kimekufa, kibadilisheni." Nasi hatukubisha. Kikanunuliwa kingine kilichotolewa katika gari lililovunjwa.

Tulipokifunga, gari likakataa kuwaka kabisa, kwa sababu kisanduku kile kilijua funguo za gari jingine. Akaitwa mtu wa kompyuta, akalipwa, gari likawaka. Baada ya juma moja mvua ikanyesha usiku, na visa vyote vikarudi vile vile.

Hapo ndipo tulipoinua zulia. Lilikuwa limelowa chapa. Matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele yalizibwa na majani na makapi ya mahindi, maji yakaingia ndani. Bolti ya athi iliyo pembeni mwa miguu ya dereva ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tukaifungua, tukaisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukazibua matundu, tukakausha. Kisha tukamwita tena yule mtu wa kompyuta, tukarudisha kisanduku cha kwanza, kile tulichokuwa tumekihukumu. Gari likapona.

Lakini hasara ilikwisha ingia, na tajiri akaamua kwamba mwenzetu aliyeshika spana ailipe kwa kukatwa mshahara miezi mitatu. Wajumbe wa chama walikwenda kuzungumza. Swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa hili: mlipima nini kabla ya kubadilisha? Hatukuwa na karatasi hata moja. Mwezi wa kwanza ulikuwa umekwisha katwa. Miezi miwili iliyobaki ilisimamishwa baada ya mabishano marefu. Fedha za ule mwezi wa kwanza hazijarudi.

Kwa sababu hiyo twataka kila fundi ajue kupima kwa utaratibu, na kuandika anachopima.

Kwanza, uliza na utazame. Gari lilinyeshewa? Lilioshwa injini? Lilifungwa alamu, redio au taa za ziada? Nyaya nyingi huharibiwa na mikono iliyotangulia. Inua zulia, gusa kwa mkono.

Pili, pima betri. Iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwa inaunguruma, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.7. Kompyuta yenye njaa ya moto husema uwongo, na namba zake za kosa hazina maana mpaka betri iwe sawa.

Tatu, pima fyuzi zikiwa kazini. Usitosheke kuitazama kwa macho. Gusa pande zote mbili kwa mita, huku taa au kifaa chenyewe kikiwa kimewashwa.

Nne, pima athi. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, na mwingine kwenye waya wa athi wa kisanduku, taa zikiwa zimewashwa. Mita isionyeshe zaidi ya volti 0.1 au karibu na hapo. Ikizidi sana, athi yako ni mgonjwa, na huenda ndiyo ugonjwa wote. Kipimo hiki hakigharimu hata senti. Lau tungalikifanya siku ile, mwenzetu asingalikatwa mshahara.

Tano, pima njia ya mazungumzo. Ondoa waya hasi wa betri. Katika soketi ya skana yenye matundu 16, tundu la 6 na la 14 ndiyo nyaya za CAN kwa magari mengi yenye mtindo huo. Pima ukinzani kati yake. Ukipata karibu omu 60, njia ni nzima. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Magari mengine yana mpango tofauti, kwa hiyo tafuta mchoro wa gari lenyewe kabla ya kuamua.

Sita, tumia skana kutazama kisanduku kinaona nini. Bonyeza swichi. Je, chaona kwamba imebonyezwa? Ikiwa chaona, moto na athi ni vizuri, waya mpaka kwenye taa ni mzima na taa yenyewe ni nzima, lakini katika plagi ya kisanduku hakitoki kitu, hapo ndugu, hukumu ni ya haki. Kisanduku ni kibovu.

Kumbukeni kwamba namba U0140 haisemi kisanduku kimekufa. Yasema tu kwamba wenzake wanakiita na hakiitiki. Asiyeitika hodi si lazima awe amefariki. Pengine amefungiwa mlango kwa nje.

Ikiwa hapana budi kukibadilisha, fuateni haya. Andikeni namba iliyo juu ya kisanduku, na kipya kiwe na namba ile ile, au namba ambayo mtengenezaji ameikubali badala yake. Kama skana yaweza, someni na kuhifadhi mpango wa kisanduku cha zamani kabla hamjakigusa. Ondoeni waya hasi wa betri, mngoje dakika kadhaa, hasa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya usalama. Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika kisanduku, ili umeme wa mwilini usikidhuru. Plagi isilazimishwe. Wakati wa kuingiza mpango na kufundisha funguo, betri isaidiwe na chaja ya kufaa, kwani moto ukipungua katikati ya kazi, kisanduku kipya chaweza kufa mikononi mwenu. Mwisho jaribuni kila kitu, taa kwa taa, mlango kwa mlango. Na ile sababu iliyokiua cha kwanza, kama ni maji, iondoeni, ama mtazika cha pili.

Sasa tuje kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Sikilizeni neno hilo: kusudi. Kukosea katika kazi ngumu, bila mafunzo na bila vyombo, si kusudi. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lakini haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuitetea. Karatasi yenye tarehe, namba ya gari, volti ulizopima, na jina la aliyeamuru kisanduku kinunuliwe, hiyo ndiyo ngao yako.

Kwa ninyi mnaojitegemea kando ya barabara, hapana tajiri wa kuwakata. Lakini mwenye gari akirudi na ugonjwa ule ule, mtarudisha fedha, au mtapoteza jina. Karatasi hiyo hiyo yawafaa nanyi.

Twapendekeza mambo matatu kwa tawi hili. Kila fundi awe na mita yake na daftari lake. Tuchange tununue skana moja nzuri ya pamoja, itunzwe na itumike kwa zamu. Na viongozi wetu wawadai matajiri mafunzo, kwa maana Kitale National Polytechnic ipo hapa hapa karibu, na mitihani ya ufundi ya NITA ipo kwa yeyote anayetaka kuthibitisha ujuzi wake. Tajiri anayeleta magari ya kompyuta ndani ya karakana, alete na elimu ya kompyuta.

Ndugu, gari likija kesho asubuhi likicheza waipa lenyewe, msikimbilie dukani. Inueni zulia kwanza.