DC wanalipa kodi, kura bungeni hawana: hoja tatu za kisheria

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la katiba la vijana)



Kwetu ukitaja "DC", mtu anamfikiria mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Leo nazungumzia DC nyingine: Washington DC, mji mkuu wa Marekani. Nao waliongozwa na wateule wa Rais kwa miaka mingi. Haki ya kumchagua meya na baraza la jiji waliipata kwa sheria ya 1973.

Sasa shida iko wapi? Sensa ya 2020 ilihesabu watu 689,545 pale. Jimbo la Wyoming lilikuwa na 576,851, lakini lina maseneta wawili na mbunge mmoja. DC haina seneta hata mmoja. Mwakilishi wao anaruhusiwa kuongea na kukaa kwenye kamati, ila muswada ukifika kwenye kura ya mwisho, yeye anatazama tu. Kodi ya taifa wanalipa kama wengine.

Mtu atauliza, si wafanywe jimbo yaishe? Hapo ndipo wanasheria wanapovutana. Kuna hoja tatu.

Ya kwanza, Katiba yao inalipa Bunge mamlaka yote juu ya eneo la makao ya serikali, lisilozidi maili kumi kwa kumi. Wanaokataa wanasema eneo hilo haliwezi kuwa jimbo. Wanaotaka wanajibu: Katiba imeweka ukomo wa juu, wa chini haikuweka. Mwaka 1846 Bunge liliridhia kipande cha ng'ambo ya mto Potomac kirudi Virginia, na kikarudi. Basi wabakize Ikulu, Bunge na Mahakama ya Juu, kwingine kuwe jimbo.

Ya pili, ardhi ilitoka Maryland. Katiba inakataza kumega jimbo bila ridhaa yake, kwa hiyo wengine wanasema Maryland iulizwe kwanza. Jibu: ilishaitoa zamani, si yake tena.

Ya tatu ndiyo ngumu, tusidanganyane. Marekebisho ya 23 ya Katiba, ya 1961, yanaipa DC kura 3 za kumchagua Rais. Ukibakiza Ikulu na ofisi tu, hizo kura 3 ni za nani? Za familia ya Rais? Kuyafuta marekebisho hayo kunahitaji robo tatu ya majimbo yote.

Mahakamani walishakwenda. Mwaka 2000, kwenye kesi ya Adams dhidi ya Clinton, waliambiwa Katiba ilivyo haiwapi kiti chenye kura, watafute njia nyingine. Mwaka 2016 wakapiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 85 wakataka jimbo. Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada 2020 na tena 2021. Seneti haikuupitisha.

Kwa nini? Kwa sababu DC inawapigia kura Democrats kwa wingi, na jimbo jipya linaleta maseneta wawili. Republicans wanaiogopa hesabu hiyo, Democrats wanaipenda. Lakini jamani, haki ya kupiga kura haipimwi kwa kuangalia mtu atampigia nani. Ikipimwa hivyo, sisi wa upinzani ndio tutaumia wa kwanza.

Na kuna somo jingine. Madaraka ya jiji lile yametokana na sheria ya kawaida, hayamo kwenye Katiba. Ndiyo maana mwaka 2023 Bunge liliifuta sheria ya makosa ya jinai iliyopitishwa na madiwani wa DC, na Rais Biden akasaini. Walioipitisha walichaguliwa na wananchi. Walioifuta hawakuchaguliwa hata na mkazi mmoja wa DC.

Kwa hiyo tunapodai katiba mpya, tusiishie kuuliza tunapewa haki gani. Tuulize imeandikwa wapi, na nani anaweza kuifuta.

Karibuni kwa maswali.