Majina ya Wapiga Kelele

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Musoma)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu sisi wazee tumewanyang'anya viti:

Nimepewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya malezi. Nilipoambiwa nilicheka, maana mimi si mwalimu wala si daktari. Mpaka nilipostaafu nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda. Lakini karani wa mizani hujifunza jambo moja: uzito wa mzigo haujulikani kwa macho. Leo nitawaeleza jambo ambalo nililipima kwa macho mara mbili, na mara zote mbili nikakosea.

Mwaka 1975 nilikuwa Kidato cha Pili, tena kiranja wa darasa. Vijana, mambo yenu na yetu ni yale yale. Saa za kujisomea usiku kiranja huketi mbele na karatasi, juu yake ameandika "Majina ya Wapiga Kelele". Asubuhi karatasi huenda kwa mwalimu wa zamu, na yanayofuata mnayajua. (Kicheko.)

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa akitikisa shingo upande wa kushoto, kisha anatoa mlio kooni, hm, hm, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato. Darasa likizidi kunyamaza, mlio nao ulizidi. Tulimwita Mjusi, kwa ajili ya wale mijusi wenye vichwa vyekundu wanaotikisa vichwa juu ya mawe yetu hapa Musoma. Kila usiku jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi yangu. Alipigwa, akaahidi kuacha, na jioni ile ile akaanza tena, mara mbili ya jana. Mimi niliona ukaidi mtupu. Wengine walisema ni kifafa, wakakataa kulala karibu na kitanda chake. Likizo ya Juni alikwenda kwao, na shule ilipofunguliwa hakurudi. Jina lake liliitwa siku tatu. Siku ya nne halikuitwa. Nami, nasema kweli, nilifurahi kwamba darasa langu limetulia.

Nikasahau. Nikamaliza shule, nikapata kazi Bunda, nikaoa.

Mwaka 1996 mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka 7, alianza kupepesa macho kupita kiasi. Nilidhani ni vumbi la pamba. Mama yake akampeleka kutibiwa, akapewa dawa ya macho, na baada ya wiki mbili kope zikatulia. Tukashukuru. Haukupita mwezi, bega la kulia likaanza kuruka, kisha akawa anakoroma puani. Jirani mmoja akasema ni minyoo. Mwingine akasema anaiga watoto wa mtaani. Wa tatu alinivuta pembeni akanong'ona kwamba mtoto ametupiwa kitu.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. "Acha!" nilimwambia mezani. Aliacha, amekaza uso, jasho linamtoka puani, hata chakula hakukigusa. Baada ya dakika tano vyote vilitoka kwa pamoja, kama maji yaliyovunja tuta la shamba. Nikampiga. Nilimpiga zaidi ya mara moja, ndugu zangu, na kila nilipompiga nilijiona mzazi mwema.

Desemba ya mwaka ule nilimpeleka Butiama kwa mama yangu. Tulipanda basi hadi Makutano ili tukate kwenda Butiama. Bega la mtoto lilikuwa likiruka, na abiria mmoja akamwuliza, "Wewe mtoto, una nini?" Kabla hajafungua mdomo nilijibu mimi: "Mtundu tu huyu." Mtoto akageukia dirishani, na hakusema neno mpaka tulipofika.

Mama alimtazama siku nzima asiseme kitu. Jioni baba yangu mdogo alimwita wacheze bao, mchezo ambao wazee wa Butiama waliupenda sana, na Mwalimu Nyerere mmoja wao. Kwa nusu saa nzima mtoto hakupepesa. Bega lilikuwa kimya, mkono ulikuwa ukigawa kete tu. Nikamwambia mama: "Mama, umeona? Akitaka kuacha anaweza. Ni ukaidi."

Mama akanijibu, "Na wewe uliacha kwa viboko?"

Sikumwelewa. Akaendelea: "Ulipokuwa mdogo kuliko huyu ulikuwa ukipepesa na kutikisa kichwa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikataza mtu yeyote pale nyumbani kukusema. Hata mwaka haukuisha, vikaondoka. Hukumbuki kwa sababu hakuna aliyekufanya ukumbuke."

Usiku ule sikulala. Na mtu niliyemwona gizani hakuwa mwanangu peke yake. Nilimwona yule mwenzetu wa Kidato cha Pili.

Januari 1997 nilimleta mtoto kwa daktari mmoja hapa Musoma. Aliyonieleza, pamoja na niliyoyasoma tangu wakati ule, ndiyo ninayotaka mwondoke nayo leo.

Hali hii madaktari huiita tiki. Ni mitikisiko ya ghafla, mifupi, inayojirudia: macho, shingo, bega, uso. Mingine ni milio: kusafisha koo, kukoroma, kuguna. Ubongo hutuma amri kwa misuli, na pia huzuia amri zisizotakiwa. Kwa mtoto huyu kizuizi hicho kimelegea kidogo, amri ndogo inaponyoka. Mfaransa mmoja, daktari Georges Gilles de la Tourette, aliandika mwaka 1885 juu ya wagonjwa tisa wa namna hii. Mitikisiko ikiwa ya aina nyingi, ikaandamana na milio, na hali hiyo ikadumu zaidi ya mwaka, huitwa kwa jina lake. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 7, huwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12, na kwa wengi hupungua wanapokuwa watu wazima. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na huelekea kurithiwa katika ukoo.

Tena hupanda na kushuka. Leo jicho, mwezi ujao bega, kisha kimya. Ndiyo maana ile dawa ya macho ilionekana kumponya mwanangu: ilimkuta katika wakati wa kushuka. Na ndiyo maana hirizi nayo huonekana kuponya, na kiboko huonekana kufaulu kwa siku mbili.

Mtauliza, kama si hiari yake, mbona aliweza kujizuia? Naomba tufanye jaribio. Sote, pamoja na Mwalimu Mkuu, tusipepese macho mpaka nihesabu thelathini. (Hapa msemaji alihesabu. Kicheko.) Mmeona? Wengine mliweza. Lakini mlipokuwa mkijizuia, nani alisikia nilichokuwa nikisema? Mtoto huyu husikia msukumo ndani ya mwili, kama mwasho au chafya inayokuja, na hautulii mpaka ameutoa. Anaweza kuuzuia kwa muda, kwa gharama. Mtoto anayejizuia kipindi kizima cha hesabu hajifunzi hesabu. Anajifunza kujizuia. Na akishikwa na mchezo kama bao, msukumo wenyewe hupungua, bila yeye kutumia nguvu.

Basi mzazi afanye nini? Nitataja manne.

Kwanza, usiseme "acha". Kila ukisema unamrudisha kwenye jambo analojitahidi kulisahau, na aibu na woga huzidisha mitikisiko. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba hakuna atakayelitaja isipokuwa yeye mwenyewe akitaka. Neno hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kwa mtu yeyote.

Pili, mpe mtoto maneno ya kujibu. Mwanangu tulimfundisha hivi: "Mwili wangu hufanya hivi wenyewe. Hauambukizi." Safari nyingine tulipokwenda Butiama aliulizwa tena ndani ya basi, akajibu hivyo kwa sauti yake mwenyewe. Aliyeuliza akasema, "Haya, mwanangu," akampa kipande cha muwa.

Tatu, angalia lini huzidi. Kwa wengi ni uchovu, wasiwasi, mitihani, na hata furaha kubwa. Usingizi wa kutosha, michezo na kazi za mikono husaidia.

Nne, tazama yanayoandamana nayo. Baadhi ya watoto hawa hawatulii darasani, au wana hofu nyingi, au hulazimika kurudia jambo moja mara nyingi. Mara nyingi hayo humsumbua mtoto kuliko mitikisiko yenyewe, nayo yana msaada wake.

Mitikisiko ikimwumiza au ikimzuia kusoma, matibabu yapo. Wamarekani wawili, Azrin na Nunn, walieleza mwaka 1973 mazoezi ambayo mtoto hujifunza kuutambua msukumo unapokuja, kisha hufanya tendo jingine la polepole linalouzuia. Kwa mfano, anayetupa shingo huinamisha kidevu taratibu na kukaza misuli mpaka msukumo upite. Dawa pia zipo, lakini ni za daktari kuamua, maana nyingine huleta usingizi na madhara mengine.

Lakini msikae na kila mtikisiko nyumbani mkisema, "Tulisikia kwenye mkutano kwamba utaisha." Mtoto akipoteza fahamu, akianguka, au akikodoa macho asiitike anapoitwa, huenda ni kifafa, nacho kina dawa. Viungo vikianza kuchezacheza ovyo, akawa anaangusha vikombe na mwandiko umeharibika, hasa wiki au miezi baada ya kuumwa koo na homa, huenda ni ugonjwa unaoweza kugusa moyo. Mpelekeni hospitali ya rufaa hapa Musoma, au Bugando kule Mwanza, msingoje.

Vijana mtaniuliza, je, inaambukiza? Hapana. Mitikisiko hii haiambukizi kwa kulala chumba kimoja wala kwa kula sahani moja. Hata kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa, ingawa wengi wametengwa kwa hofu hiyo. Mtanikumbusha Kashasha, ng'ambo ya ziwa letu, mkoa wa Kagera. Ni kweli. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana, kicheko na kilio visivyozuilika vilianza kwa wachache vikaenea, hata wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Lakini kile kilikuwa kitu kingine. Hakuna kijidudu kilichopatikana. Waliochunguza waliona ni mfadhaiko uliopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Somo lake kwetu ni kwamba zogo na hofu huongeza moto, na utulivu huupunguza.

Ndugu Mwalimu Mkuu, sikuja kuwafundisha walimu nidhamu. Nidhamu ya shule hii ndiyo iliyonifanya mtu. Ombi langu ni dogo. Mwanafunzi wa namna hii aketi mahali ambapo wenzake hawamkodolei macho, aruhusiwe kutoka nje dakika mbili akitulize, asihukumiwe kwa mlio wa koo lake. Nanyi viranja, kabla hamjaandika jina, jiulizeni kama huyu anapiga kelele, au kelele inampiga yeye.

Mwanangu sasa ni fundi wa umeme pale Bunda. Akichoka, bega huruka. Mkewe ameshazoea, wateja nao hawajali madhali taa zinawaka. Nilimwomba msamaha alipokuwa na miaka 20. Alisema, "Baba, yameisha." Sijui kama yameisha, lakini alisema.

Yule mwenzetu wa 1975 sijamwona tena. Nimeuliza Kiabakari, nimeuliza Butiama, kila nilikokwenda mtu anasema familia ilihama. Hakumaliza, kwa hiyo katika orodha yetu ya wahitimu hayumo. Orodha ile ina majina ya waliomaliza tu. Ndugu Mwenyekiti, hili ndilo ombi langu la mwisho. Kabla ya kusimama hapa nimempa Katibu karatasi. Ina jina moja, jina kamili alilopewa na wazazi wake, wala si lile la mijusi. Naomba liingizwe katika orodha pamoja na yetu, ili siku akipita hapa, au mtoto wake akiletwa shule hii, alikute.

Nililiandika jina hilo mara nyingi sana nilipokuwa kijana. Nilitaka niliandike mara moja kwa haki.