BAISKELI ZA WAGENI KATIKA NJIA ZETU

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika na wageni wabia, Lushoto



Tumepewa dakika ishirini tuzungumze juu ya wageni wanaopita katika milima yetu kwa baiskeli. Sharika kadhaa zimetuandikia barua kuhusu jambo hili, na barua hizo hazisemi kitu kimoja. Wako wanaoomba wageni waongezeke, na wako wanaoomba wazuiwe wasikanyage mashamba. Tena wabia wetu wameuliza kama wangeweza kutuletea kontena la baiskeli. Ili tusichoshane, tunasema mapema msimamo wa ofisi ya miradi: wageni tunawataka, kontena bado.

Baiskeli zenyewe wengi mmeziona. Si zile za kubebea ndizi kwenda gulioni. Zina matairi mapana yenye meno, gia nyingi, springi mbele na breki za diski. Mwenye baiskeli ya namna hiyo anatafuta mlima, kijia chembamba, na mahali penye habari ya kusimulia wakati anapumzika. Usambara ya Magharibi inavyo vyote vitatu. Kutoka Mombo, ambako reli ya Tanga ilifika mwaka 1905, barabara inapanda kupitia Soni hadi Lushoto kwa kilomita 33 hivi. Wageni wengine huupanda mlima huo wakiwa ndani ya gari na baiskeli zikiwa juu ya gari, nasi hatuwacheki. Juu ya Lushoto kuna Magamba, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,200, na ukishapita msitu ule wa baridi unateremka kuelekea Mlalo. Upande wa pili kuna Irente, ambako ardhi inakatika ghafla na unaiona Mazinde chini ya miguu yako.

Lakini mteremko uko pia katika nchi nyingine. Kinachoitofautisha milima hii ni kwamba kila unapofunga breki umesimama mbele ya historia. Vuga ilikuwa makao ya watawala wa Kikilindi. Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf alifika huko na kupokelewa na Kimweri ye Nyumbai, na mwaka 1852 akarudi. Krapf alikuwa Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Waanglikana, jambo ambalo wageni wetu Wajerumani hulifurahia sana wakilisikia. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmsthal. Huko Shume mbao za mwangati zilikuwa zikiteremshwa kwa waya wa chuma hadi Mkumbara, zipakiwe kwenye reli. Na Mlalo, penye nyumba za ghorofa zenye baraza za mbao zilizochongwa, ndipo wamisionari walipofungua kituo mwaka 1891 wakakiita Hohenfriedeberg. Kwa upande wetu Walutheri, habari ya milima hii inaanzia hapo.

Tumewasikiliza vijana wanaoongoza wageni. Wanajua miaka na wanajua majina ya wamisionari. Ukiwauliza ni akina nani waliobeba mawe na kupasua mbao, wananyamaza. Mgeni anaondoka akiamini kwamba majengo yale yalijengwa na watu watatu wenye ndevu. Wazee wa kuulizwa bado wapo katika mitaa yetu, ila hawatakuwapo siku zote.

Iko pia historia isiyo na jengo, nayo ni muhimu zaidi kwa hoja yetu ya leo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, ambao baadaye ulienezwa Usambara. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, na iliwaangukia hasa akina mama. Watu wakakataa, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Tangu mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Ujerumani. Huo ulikwenda na wakulima kwa mazungumzo: miti, majani ya Guatemala yaliyopandwa kwa kufuata kontua, na lishe ya ng'ombe wa zizini. Kwa hiyo mistari ile ya majani ambayo mgeni anaipiga picha ni kazi ya mikono, na imegombaniwa kwa miaka mingi.

Sasa baiskeli ikikata mistari hiyo kushuka moja kwa moja, inafanya nini? Mpanda baiskeli asiye na ujuzi hufunga breki ya nyuma mpaka tairi linaburuzika. Tairi linalegeza udongo na kuacha mfereji mwembamba. Masika yakifika, maji hayaulizi nani aliuchimba, yanaufuata. Msimu wa pili mfereji unatosha mguu wa mtu, na anayeumia si mgeni, kwa kuwa yeye ameshaondoka. Anayeumia ni mama mwenye mzigo wa kabichi kichwani anayewahi gari la soko. Barua za malalamiko tulizopokea zina msingi, na tungewaomba waheshimiwa wachungaji wasiziite wivu.

Dawa yake inajulikana. Njia ya baiskeli ipite kwa kuzunguka mlima, isishuke wima. Kila baada ya hatua kadhaa uchimbwe mchepuo wa kuyatoa maji pembeni, kwenye majani. Wakati wa masika njia za udongo zifungwe, watu watumie barabara kuu tu. Na mahali penye kijia cha watu, baiskeli isimame, mtembea kwa miguu apite kwanza. Mgeni akiambiwa hivyo kwa heshima anaelewa, hasa akishafundishwa kuwaamkia watu kwa Kisambaa.

Tuje kwenye fedha, maana najua baadhi yenu mmekuja kwa ajili ya hilo. Safari nyingi hununuliwa mbali na hapa. Mgeni ameshalipa kila kitu kabla hajauona mlima. Gari linamfuata likiwa na maji yake, mkate wake na hata ndizi zake, ndizi za kuletwa Usambara! Anapita sharika nne na zote nne zinapata vumbi. Ibrahimu aliwapokea wageni watatu pale Mamre, lakini hatusomi kwamba walikuja na chakula chao kwenye gari.

Hatuanzi hewani. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la Kiholanzi la SNV walianzisha utalii wa kitamaduni, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Utaratibu wake ulikuwa kwamba sehemu ya malipo ya mgeni inatengwa kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Irente nako, katika shamba la Kanisa, mgeni anakula jibini, jemu na mkate uliotengenezwa palepale, na fedha inabaki. Ni mambo mawili tu tunayoomba yaigwe: mgeni ale chakula cha hapa, na aliyemwongoza awe wa hapa.

Kuhusu kiingilio cha makanisa ya zamani, kamati mbili zimependekeza tuuze tiketi mlangoni. Ofisi hii haikubaliani nazo. Mlango wa nyumba ya ibada usiwe na bei, na mlinzi wa mlango huo atataka mshahara ambao tiketi hazitaulipa. Liwekwe sanduku la sadaka la ukarabati wa jengo. Kinachouzwa kiwe chai ya kikundi cha akina mama na simulizi ya kiongozi aliyefundishwa, kwa bei iliyoandikwa ukutani, kwa risiti, na daftari la mapato lisainiwe na watu watatu. Msipokuwa na daftari, msianze.

Sasa kontena. Tunawashukuru wabia wetu kwa moyo wao, na tunawajibu kwa uwazi kwa sababu wanastahili uwazi. Baiskeli hizi hula pedi za breki, na mteremko wa kutoka Magamba huzila haraka. Pedi hizo, pamoja na minyororo ya gia nyingi, si vitu vya maduka yetu ya vipuri, ambayo yamejaa vifaa vya pikipiki na baiskeli za kawaida. Baiskeli iliyotumika Ulaya miaka kumi ikapewa kijana wetu aishuke Magamba bila pedi nzuri si msaada. Halafu kontena lina gharama za bandari na ushuru, ambazo kwa kawaida hazimo katika barua ya msaada.

Kwa fedha hiyohiyo tunaomba mafundi wawili kwa kila jimbo wafunzwe na wapewe sanduku kamili la vifaa. Tunaomba viongozi wa wageni, wasichana kwa wavulana, wafundishwe huduma ya kwanza. Kutoka Mtae hadi Lushoto ni kilomita zinazokaribia 60, na mtu aliyevunjika bega hawezi kusubiri mwenzake amtafute mtu mwenye gari. Na tunaomba gharama ndogo ya kuandika simulizi za wazee, kwanza Mlalo na Vuga. Mgeni anayekuja na baiskeli yake mwenyewe atawakuta watu hao tayari. Baada ya misimu miwili, kama kazi ipo, tutazungumza tena habari ya baiskeli za kukodisha.

Tunajua wako watakaosema tunakataa zawadi iliyo mkononi. Ni haki yenu kusema, na mjadala uko wazi baada ya chai.

Msitu wa Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo usharika wowote ambao njia yake inaingia msituni usichore ramani peke yake. Upitie kwanza ofisi ya msitu na serikali ya kijiji. Fomu za kuorodhesha njia ziko kwa katibu muhtasi pale mlangoni. Kabla ya kuzijaza, kila kamati iitembee njia yake mara moja mvua ikiwa inanyesha, pamoja na wenye mashamba, na kupigilia kigingi kila mahali maji yanapokimbia. Majembe na sururu mtachukua kwetu siku ya Jumatatu.